Mwaka wa Ghala la Mzee Amos

Mwaka jana, majira ya joto yalipokuwa yanaisha, nilisimama kununua nyanya kwenye kibanda cha Waamishi kando ya barabara ya Charlotte Hall, na mwanamke aliyekuwa akizipanga kwenye vikapu akaniita jina langu kabla sijashuka vizuri garini. Alikuwa Rebecca. Nilimwacha msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mashavu mekundu na kicheko cha kujizuia; sasa mvi zilichungulia chini ya kofia yake nyeupe ya kitambaa, na alikuwa amembeba mjukuu. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Halafu, kwa sauti ileile aliyonitajia bei ya nyanya, akaniambia kaka yake Eli alifariki majira ya kuchipua kwa ugonjwa wa kifua, na kwamba alizikwa Waldorf. Nikamuuliza kama baba yao alikwenda kuzika. Akasema alikwenda, akasimama pembeni. Nilitaka kumuuliza pembeni ya nini, lakini akaja mteja mwingine anataka mahindi, na mimi nikabaki nimeshika mfuko wa nyanya kama mtu aliyesahau njia ya kurudi kwake. Tangu siku ile nimekuwa nikiurudia kichwani ule mwaka wa ghala la baba yao, na kila nikiurudia naona bado sijauelewa.

Jinsi nilivyotoka Usangi, milimani Upareni, hadi nikafika Maryland sitaieleza hapa. Walioondoka makwao wanaijua, na wasioondoka wameisikia hadi imewachosha. Nianze na nyumba ya Mama Wairimu kule Bowie, ambako mwaka wa tisini na nane nilikuwa nimepanga chumba cha chini. Kilikuwa na dirisha moja lililolingana na nyasi za nje, kwa hiyo ukiamka kitu cha kwanza kuona ni miguu ya majirani wanaotembeza mbwa. Mama Wairimu alikuwa nesi kutoka Nyeri, mjane, mcheshi kazini na mkali nyumbani, na alikuwa na vani kubwa aliyoinunua ili kuwapeleka watu kanisani Jumapili. Siku nyingine vani ilikaa tu mbele ya nyumba, na yeye hakupenda kuona kitu kimekaa. Nesi mwenzake alipomwambia kwamba Waamishi wa kusini mwa Maryland wanatafuta dereva wa kuwapeleka sokoni, alirudi nyumbani akanijulisha, bila kuniuliza, kwamba nimepata kazi.

Waamishi ni Wakristo wenye asili ya Uswisi na Ujerumani, wanaoishi kwa jamii yao, kwenye mashamba yao, na utaratibu wa kanisa lao hauwaruhusu kumiliki gari wala kuvuta umeme nyumbani. Kupanda gari la mtu mwingine ni ruksa. Hilo lilikuwa la kwanza kunichanganya. La pili lilikuwa jina. Mtu yeyote asiye Mwamishi wao humwita Mwingereza, awe Mjerumani, Mchina au nani. Siku ya kwanza nilipofika shambani kwa Mzee Amos, mtoto wa jirani alikimbia ndani kuwaambia watu kwamba Mwingereza amekuja. Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Mwingereza. Babu yangu alilipishwa kodi ya kichwa na Waingereza hadi akauza mbuzi zake, na mimi mjukuu wake nimesafiri nusu ya dunia kuja kuwa mmoja wao.

Familia ya Mzee Amos ndiyo niliyoizoea zaidi, kwa sababu nilikuwa nafika mapema na mkewe, Mama Lydia, hakukubali nisubiri nje. Jiko lao lilikuwa kubwa kuliko sebule za watu wengi ninaowajua. Ukutani hapakuwa na picha hata moja, ila kalenda na saa. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha plastiki, taa ya gesi iliyoning'inia ikitoa mvumo mdogo kama nyuki, na harufu ya mkate, kahawa na maziwa ya moto. Mama Lydia alinikatia mkate na kunipakia siagi ya tofaa, matofaa yaliyopikwa hadi yakawa mazito kama jamu, bila kuuliza. Waliongea Kijerumani chao cha kale, nami nikawa nasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Baada ya wiki kadhaa nilianza kutambua neno moja. Mzee Amos akishatoka kwenda kuwafunga farasi, Mama Lydia na binti yao Rebecca walishusha sauti, na katika zile sauti za chini mara kwa mara lilipita jina la Eli. Mzee akirudi, jina lilikwisha, wakaendelea na mambo ya mayai.

Sikuuliza, maana nilikuwa na langu. Nilikuwa na mchumba, Salim, kijana wa Tanga aliyeuza viatu kwenye jengo la maduka la Wheaton mchana na kusoma uhasibu jioni. Tulikutana kwenye msiba wa Mtanzania mwenzetu, tukiwa tunaosha sufuria pamoja. Yeye Mwislamu, mimi binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Baba aliposikia, aliniambia kwenye simu kwamba nikiolewa na huyo kijana nisimpigie tena. Hakupandisha sauti. Kilichonivuruga ni kwamba simu yenyewe aliongelea dukani kwa Mzee Hamisi, jirani yetu Mwislamu, rafiki yake tangu utotoni, ambaye nilimsikia akiwapimia wateja sukari nyuma yake wakati anayasema hayo. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu. Sikukuu zao tunakula kwao, na zetu wanakula kwetu. Nikawa najiuliza ni mstari gani niliouvuka na ulichorwa lini. Nilimwambia Salim anipe muda. Alinipa, lakini alikonda.

Mwezi wa sita radi ikapiga ghala la Mzee Amos. Nikisema ghala, usifikirie kibanda: lilikuwa jengo la orofa mbili, ng'ombe na farasi chini, majani makavu juu, refu kuliko kanisa letu la Usangi. Nilipofika asubuhi yake palikuwa na moshi mwembamba na mabati yaliyojikunja. Mama Lydia alinikatia mkate kama kawaida. Nikampa pole, nikamuuliza watafanya nini, akasema watajenga lingine. Hawakuwa na bima. Jirani ndiye bima yao. Wiki zilizofuata ziliingia mbao, mafundi wakamwaga msingi na kuchonga nguzo na boriti zikalala tayari kwenye nyasi, na sokoni watu wakawa wanaulizana siku tu, bila kuulizana kama watakwenda. Kwetu Upareni tunaita msaragambo: baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unazibuliwa kabla jua halijawa kali. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, kwamba naelewa kinachoendelea.

Siku moja kabla ya kuinua ghala, tukiwa tunafunga meza sokoni, Rebecca aliniambia kesho nikipita Waldorf kutakuwa na mtu kwenye kituo cha mafuta, ana sanduku la vifaa vya useremala, nimpakie. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni fundi. Nilipomtazama aliinama kufuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Yule fundi alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, amenyoa ndevu, amevaa jinzi na kofia ya besiboli, na alikuwa na macho ya Mama Lydia. Nilijua ni Eli kabla hajafunga mlango. Nyuma yake, kwenye maegesho, lilikuwa gari lake mwenyewe la mizigo, zima kabisa. Nikamuuliza kwa nini asiendeshe lake. Akasema akiingia na gari lake atakuwa amekuja kuonyesha gari. Halafu, tukiwa barabarani, akanieleza kwa kifupi. Alibatizwa akiwa mtu mzima, kama wanavyobatizwa wote kwao, akaapa mbele ya kanisa. Baadaye akampenda msichana wa Waldorf, Mwingereza, akaondoka akamwoa. Aliyeondoka kabla ya kuapa hana kosa. Aliyeapa akaondoka hutengwa. Hawali naye meza moja, na hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Nilishika usukani kwa nguvu. Nilitaka kusimamisha gari nimuulize mambo mia moja, lakini tayari tulikuwa tumeanza kuyapita magari ya farasi, yamefuatana kama msafara wa harusi, yamejaa wanaume wenye pama za majani.

Tuliposhuka, watu waliokuwa karibu walinyamaza. Sijui kuueleza ukimya ule vizuri, kwa sababu haukuwa wa chuki. Mzee Amos alikuwa katikati ya uwanja ameshika kamba ya kupimia. Alimwangalia mwanawe, akaangalia sanduku la vifaa, akaangalia msingi. Halafu akasema maneno machache, akageuka kuendelea na kazi yake. Nilimuuliza Rebecca amesema nini. Akasema, amesema kona ya kaskazini haina mtu. Eli alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kona ya kaskazini.

Kazi yangu ilikuwa jikoni pamoja na wanawake, kumenya viazi, lakini jiko lilikuwa na dirisha kubwa na hakuna aliyenikataza kuangalia. Kuta zilikuwa zimeungwa zikiwa zimelala chini. Wanaume walijipanga ubavuni, mzee mmoja akatoa sauti, wote wakainua kwa pamoja hadi kifuani, kisha wakashika miti mirefu yenye ncha za chuma na kuendelea kusukuma, na ule ukuta ukapanda polepole hadi ukasimama. Ukuta wa kwanza ulisimama bila tatizo. Wa pili ulikuwa umefika zaidi ya nusu upepo ulipotokea upande wa mto na kamba moja ikateleza. Ukuta ukayumba. Eli alikuwa juu, amekalia boriti ya kona, akisubiri kuuingiza ulimi wa mbao kwenye tundu lake, na ukuta wote ule ulikuwa unamwendea yeye. Hapo nikamsikia Mzee Amos akiita, "Eli!" kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mama Lydia aliacha kisu kikaanguka ndani ya karai la viazi. Eli alijirusha nyuma ya nguzo, wanaume wa chini wakaegemea miti yao kwa miili yao yote, na ukuta ukatulia. Kisha nyundo ya mbao ikagonga, tena na tena. Eli alikuwa amerudi kwenye kona yake anapigilia kigingi. Rebecca aliniambia, akiwa anatazama viazi, kwamba baba yake hakuwa amelitamka jina lile tangu kaka yake aondoke. Nikafikiri basi, yamekwisha. Nikafikiri chakula cha mchana kitakuwa sherehe.

Meza zilipangwa nje, chini ya kivuli cha nyumba, meza ndefu zilizoungana, na mwishoni mwake Mama Lydia mwenyewe aliburuta kimeza kidogo cha kufulia. Alikisogeza hadi karibu na meza ndefu, akaacha nafasi ya upana wa kiganja. Nilidhani hakuona, nikaenda kukisukuma kikutane. Akaniwekea mkono begani, akatikisa kichwa. Halafu akaleta kitambaa cheupe kirefu, akakitandika kuanzia meza ndefu mpaka kwenye kile kimeza, kikafunika pengo. Alilainisha mikunjo pale juu ya pengo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Ukiwa mbali ungeapa ni meza moja.

Eli alikaa kwenye kimeza. Wanaume wengine walikaa, mzee akasali kimya kwa kuinamisha kichwa, wote wakainamisha, na Eli akainamisha. Mimi nilibaki nimesimama na sahani, sijui niende wapi. Rebecca akaninong'oneza, "Wewe ni Mwingereza. Unaweza kukaa popote." Nikaenda kukaa na Eli. Mama Lydia alileta kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda na mchuzi, kachumbari ya kabichi. Wengine walipitishiana mabakuli mkono kwa mkono. Kwa Eli alimpakulia yeye mwenyewe, paja kubwa kuliko yote, akaiweka sahani mezani na kuisukuma, na Eli akasubiri mkono wa mama uondoke ndipo akaishika. Alikula vizuri sana. Mimi kuku wangu sikummaliza. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, maana mama wa watu alirudi kumwongezea mara mbili, na Mzee Amos, aliyekaa mwisho wa meza ndefu, jirani kabisa na lile pengo, angeweza kukaa kokote lakini alikuwa amechagua pale. Viwiko vyao vilikuwa karibu kugusana.

Eli aliniuliza kwetu tunajengaje. Nikamweleza msaragambo, baragumu na mfereji. Akauliza asiyekuja anafanywaje. Nikasema anatozwa faini, akikaidi watu hawaendi kwenye msiba wake. Akasema, "Basi mnatufahamu." Sikupenda kuambiwa hivyo.

Jioni ghala lilikuwa limesimama, na mabati yanang'aa upande mmoja. Niliwashusha njiani wajenzi wengine walioomba usafiri, nikabaki na Eli hadi Waldorf. Mikono yake ilikuwa imechubuka na alionekana mwenye furaha, jambo lililozidi kunichanganya. Nikamuuliza kama anaweza kurudi kwao. Akasema anaweza siku yoyote: apige magoti mbele ya kanisa, akiri kosa, aache gari na amwache mke. Akasema hatamwacha. Nikamuuliza kama watakapomwita tena atakwenda, akale kwenye kile kimeza. Akasema hawakumwita hata leo, na atakwenda.

"Huoni uchungu?" nikamuuliza.

"Naona," akasema. "Uliona kitambaa?"

"Nilikiona."

"Kitambaa kile hutandikwa siku za harusi," akasema, na tulipofika kituo cha mafuta akanishukuru na kuondoka na sanduku lake.

Nilimkuta Salim jikoni kwa Mama Wairimu, wanakunywa chai. Niliwasimulia kila kitu, nikitegemea mmoja wao aniambie nimeona nini. Mama Wairimu alisema huo ni unafiki wa kanisa, na yeye anaujua vizuri. "Mtu ni wako ama si wako," alisema. "Hii ya kumlisha kando na kumkazia macho ni gani?" Salim alimaliza chai yake, nikamsindikiza kwenye gari. Ndipo akaniambia, "Nakijwa, mimi sitaki uje ukae kwenye kimeza kwa sababu yangu. Ukiniambia tuache, tutaacha." Nilimwangalia alivyokonda. Nilimwambia mtu anaweza kukaa kwenye kimeza akala akashiba, nimemwona leo. Sijui kama nilimaanisha. Lakini nilipoyasema nilijua nitaolewa naye.

Wiki ile nikapiga simu dukani kwa Mzee Hamisi. Nikasubiri wakati ametumwa mtu kumwita baba, nikisikiliza wateja wa Usangi wakiulizia mafuta ya taa. Baba aliposhika simu nikamwamkia, nikasema, "Baba, nimeamua. Naolewa na Salim." Halafu akaniuliza, "Huko mvua zinanyesha?" Nikasema zinanyesha, kwa radi. Akasema huko kwao zimegoma, maharage yameungua. Tuliongea maharage. Tuliongea paa la kanisa. Akaniambia nijifunike vizuri baridi ikija, akaagana nami. Niliweka simu chini nikakaa sakafuni katika kile chumba changu, sijui kama nimekubaliwa au nimefukuzwa.

Tulifunga ndoa vuli ile, mbele ya karani wa mahakama, Mama Wairimu akapika pilau na akalia kuliko mtu yeyote. Baba niliendelea kumpigia kila mwezi, naye kila mwezi alikuja dukani. Alisema nami habari zote za dunia, na jina la Salim hakulitaja hata siku moja. Ikawa wakati mwingine simu inapigwa kutoka kule, na Salim ndiye anayepokea hapa. Hapo baba alimkabidhi Mzee Hamisi mkono wa simu. Mzee Hamisi akasalimiana na Salim, akaomba aitwe Nakijwa, na sauti yangu ikishafika ndipo baba aliporudi kuongea. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, mpaka baba alipofariki. Salim aliyazoea. Mimi sikuyazoea, na mara nyingine nilimchukia baba simu ikiwa bado sikioni.

Tulikwenda kuzika pamoja. Matanga yalipokwisha tulipita dukani kumshukuru Mzee Hamisi, ambaye alikuwa mzee sana, macho yamefifia. Salim alimwamkia, na yule mzee akaishika mikono yake yote miwili akacheka, akasema sauti hii anaijua. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumuuliza, ni nini hasa baba alikuwa anafanya zile siku anapompa simu.

"Alikuwa anasimama hapo karibu na mizani," Mzee Hamisi akasema. "Mimi nikimaliza kuongea na mumeo, kabla hajaichukua simu, ananiuliza kwanza. Kila mara. Ananiuliza, huyo kijana unamsikiaje, mzima?"

Salim aliomba kiti, akakaa.